Wito Kutoka Eneo la Kati: Manowari, Chambo na Mpaka wa Busia

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda. Kati ya vizuizi vyake palikuwa na kipande cha barabara ambacho abiria aliyeteremka garini upande mmoja alilazimika kukivuka kwa miguu, mzigo kichwani, kabla ya kupata gari upande wa pili. Katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walianza kuwavusha watu hao, wakiwaita kwa neno la Kiingereza la mpaka walilolirudia mara mbili. Hivyo bodaboda ilizaliwa katika eneo la kati, ambapo serikali moja imekwisha na nyingine haijaanza. Asili hii ya neno inafahamika sana. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba eneo la namna hiyohiyo limezaa mojawapo ya visa maarufu zaidi katika hadithi za vita vya anga za mbali: kisa cha manowari inayovutwa na chambo mpaka ikaingia mtegoni.

Filamu ya Star Trek II: The Wrath of Khan, iliyoongozwa na Nicholas Meyer na kutolewa mwaka 1982, inaanzia kwenye mpaka. Nahodha mwanafunzi, Saavik, anapokea wito wa dharura kutoka meli ya kiraia iitwayo Kobayashi Maru. Imegonga bomu, haina nguvu, na ndani yake mna watu wengi. Tatizo ni mahali ilipo. Imekwama katika eneo lisilo la upande wowote, kati ya himaya mbili zenye mkataba unaokataza manowari kuingia humo. Akiingia atakuwa amevunja mkataba. Asipoingia, watu watakufa. Saavik anaingia. Mara wito unakatika, manowari tatu za Waklingoni, himaya ya upande wa pili, zinajitokeza, na chombo chake kinasagwa. Kisha taa zinawashwa na mtazamaji anagundua kwamba lilikuwa zoezi la mafunzo, mtihani uliotungwa makusudi usiwe na njia ya kushinda.

Je, meli ile ilikuwepo kweli, au ilikuwa chambo tangu mwanzo? Filamu hailijibu swali hilo. Makala haya yanadai kwamba swali hilo ndilo kiini cha aina nzima ya visa hivi, na kwamba msomaji wa Busia au Tororo ana nafasi nzuri ya kulijibu kuliko wengi wanaouchukulia mtego wa angani kama mchezo wa mizinga na mbinu. Chombo kinachonaswa hushindwa kwanza katika jambo kinaloliamini, silaha zikifuata baadaye. Kwa hiyo kisa cha mtego kinapaswa kupimwa kwa chambo chake: ni tabia ipi ya binadamu iliyotumiwa kumvuta mhasiriwa, na tabia hiyo inabaki katika hali gani baada ya vita kwisha.

Sayansi yenyewe inalazimisha mtazamo huu. Mwamba wa Tororo, mabaki ya volkano ya kale, unasimama peke yake juu ya mji, na aliye kileleni huona mbali hadi upande wa Kenya. Angani kila mtu yuko kileleni. Hakuna msitu wala ukungu wa asubuhi, na injini yoyote inayofanya kazi hutoa joto ambalo huonekana waziwazi mbele ya usuli wenye baridi ya nyuzi 270 hivi chini ya sifuri. Mtunzi anayeijua fizikia hawezi kukificha chombo kwa urahisi. Kinachowezekana ni kuificha nia: adui aonekane, lakini adhaniwe kuwa mtu mwingine.

Hivyo ndivyo Khan, adui mkuu wa filamu hiyohiyo, anavyofanya. Ameteka meli ya Reliant, mali ya jeshi lilelile analolitumikia Kirk, shujaa wa filamu, na anaikaribia Enterprise, meli anayoiongoza Kirk, kimyakimya. Reliant inadai kwamba mawasiliano yake yameharibika. Saavik anaanza kumkumbusha Kirk kanuni inayohusu chombo kinachokaribia bila mawasiliano kuthibitishwa, lakini anakatizwa. Kinga haziwashwi hadi Reliant inapofyatua, na wanafunzi waliokuwa katika safari ya mafunzo wanakufa kwenye vyumba vya injini. Chambo hapa ni mazoea. Kirk anaona umbo la meli analolijua, naye anaacha kuuliza.

Uganda ina mfano wake wa mazoea hayo. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli waliotua Entebbe kuwaokoa mateka walishusha ndegeni gari jeusi la Mercedes lililofanana na la Idi Amin, ili walinzi wadhani mkubwa wao anapita. Askari wa kituo chochote cha mpaka anaielewa hesabu hiyo. Gari la mkubwa halisimamishwi, na wafanyamagendo wa Busia na Malaba nao wanajua kwamba si kila mzigo unahitaji kupitia njia za panya. Mwingine hupita mbele ya kizuizi mchana kweupe, ukiwa umevaa sura ya kitu kilichozoeleka.

Mfano wa karibu zaidi na vita vya meli, hata hivyo, uko Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Wajerumani ndio waliolitawala ziwa hilo kwa manowari zao. Waingereza walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi, kutoka Cape Town kwa reli, kisha zikavutwa kwa mashine za mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba katika njia iliyofyekwa kwa jasho la vibarua wa Kiafrika ambao vitabu vingi havikuwataja majina. Kamanda Geoffrey Spicer-Simson aliziweka karibu na mahali Mto Lukuga unapotoka ziwani, upande wa Kongo. Wajerumani walijua kuna shughuli pale ila hawakujua ni shughuli gani. Asubuhi ya Jumapili tarehe 26 Desemba, meli ya Kingani ilikuja kuchungulia.

Spicer-Simson hakutoka kuikabili. Aliiacha ipite, kisha akatoka nyuma yake, kwa sababu mzinga pekee wa Kingani ulikuwa mbele na haukuweza kugeuka kuelekea nyuma. Mapigano yalikwisha kwa dakika zipatazo 11. Nahodha wake aliuawa, na meli ikatekwa, ikatengenezwa, ikapewa jina jipya la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilipofika sehemu zilezile, bila Wajerumani kujua kwa hakika kilichoipata Kingani, Fifi ilikuwa miongoni mwa zilizoizamisha. Meli iliyonaswa iligeuzwa kuwa mwindaji wa dada yake. Miaka 66 kabla Khan hajaikaribia Enterprise ndani ya Reliant, jambo hilo lilikwisha kutendeka kwenye maji ya Afrika Mashariki, na ni huzuni kwamba wasimulizi wetu wameliacha liandikwe karibu lote na Wazungu kama kichekesho cha nahodha mwenye vituko.

Chambo cha Lukuga kilikuwa udadisi uliochanganyika na kujiamini, na filamu inamalizia palepale. Kirk anamvuta Khan ndani ya wingu la Mutara, ambamo kinga na vihisi havifanyi kazi, kwa kumdhihaki tu. Khan mwenye akili nyingi hawezi kuvumilia kuchekwa, naye anaingia. Enterprise inashuka chini, inaiacha Reliant ipite juu yake, kisha inainuka nyuma yake na kupiga. Mimi na Toutou zilifanya hivyohivyo, ila angani kuna juu na chini pia.

Sasa, je, mitego hii yote ina uzito mmoja? Hapana, na hapa ndipo uhakiki mwingi wa hadithi za anga unapopungukiwa. Sheria ya vita inatenganisha hila na hiana. Kifungu cha 37 cha Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya mwaka 1977, ambayo Uganda na Kenya zote zimejiunga nayo, kinaruhusu kujificha, kutumia vyambo na kueneza habari za uongo, lakini kinakataza kumuua adui kwa kuisaliti imani aliyonayo katika ulinzi wa sheria. Mwongozo wa San Remo wa mwaka 1994 kuhusu vita vya baharini unataja waziwazi kwamba kushambulia huku ukijifanya uko hatarini, kwa mfano kwa kutuma wito wa dharura, ni hiana. Kumchokoza mwenye kiburi ni hila. Kumwacha mpelelezi apite ukampiga kutoka nyuma ni hila. Lakini kulia kama anayezama, ili mwenye huruma aje auawe, ni jambo la aina nyingine kabisa.

Sababu ya kulitenga jambo hilo inahusu waliobaki hai zaidi ya waliokufa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walituma meli zilizoonekana kuwa za mizigo tu, zikiwa na mizinga iliyofichwa. Manowari ya chini ya maji ilipotokea, sehemu ya mabaharia walijitia hofu wakarukia mashua kana kwamba wanaikimbia meli, ili Wajerumani wasogee. Mbinu hiyo ilizamisha manowari kadhaa. Lakini ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowapa Wajerumani hoja ya kupiga bila onyo, na mabaharia wa kawaida wakapoteza zile dakika chache za kuingia kwenye mashua zao. Uongo mmoja wa meli moja ulilipiwa na meli nyingi ambazo hazikudanganya.

Kwa hiyo swali ambalo filamu haikulijibu ni zito. Kama Kobayashi Maru ilikuwepo, Saavik alishindwa kwa bahati mbaya. Kama haikuwepo, kilichouawa ni zaidi ya chombo kimoja, kwa kuwa nahodha yeyote atakayesikia wito mwingine kutoka eneo la kati atausikia kwa masikio ya mtu aliyewahi kuumwa na nyoka. Watu wa mpakani wanaishi ndani ya swali hilo. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso vilevile, na mazishi, mahari na wagonjwa huvuka kila siku. Katikati ya Desemba 1987 askari wa Kenya na Uganda walirushiana risasi Busia, watu wakafa, mpaka ukafungwa, na kila serikali ikasema ni wenzao walioanza. Waliokuwa na jamaa upande wa pili ndio waliobaki wakijiuliza kama ni salama kuitikia.

Hadithi hizi hazifiki mpakani zikiwa tupu. Katika vibanda vya video vya Uganda filamu za kigeni husimuliwa na msimulizi aitwaye VJ, na VJ Jingo alivuma kwa Kiganda chake. Kenya ina sauti ya DJ Afro kwa Kiswahili, na Dar es Salaam ilimjua Lufufu. Msimulizi wa namna hii amekwisha kuiona filamu. Anajua Reliant imetekwa, na anaweza kumwambia mtazamaji kabla Kirk hajajua, amkemee nahodha, au amhurumie Saavik. Anaweza hata kuamua, kwa sentensi moja, kwamba Kobayashi Maru ilikuwa ya kweli au ya uongo. Huo ni uwezo mkubwa wa kimaadili, na wanafasihi wetu wangepaswa kuuchunguza kwa makini kama wanavyoichunguza riwaya, badala ya kuupita kama kelele za kibanda.

Tunahitaji pia watunzi. Atakayeandika vita vya anga za mbali kwa Kiswahili asianzie na ukubwa wa mizinga. Aanzie na wito, na mahali unapotokea, na sheria inayozuia kuufuata. Amweke katika hadithi mtu anayeishi kwenye lile eneo la kati, mwenye baiskeli yake ya anga, anayewavusha watu kati ya himaya mbili na ambaye kesho atalazimika kuvuka tena. Filamu za Marekani huondoka pamoja na manowari vita vikiisha. Sisi tunaweza kubaki kwenye kizuizi tuone ni nani anayeitikia wito wa pili.

Historia ya Ziwa Tanganyika inatupa mfano wa wito huo wa pili. Meli kubwa kuliko zote za Wajerumani pale, Graf von Götzen, haikunaswa. Wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 isitekwe. Iliinuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikabeba abiria kwa jina la Liemba. Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walikwama Kagunga, kijiji cha Tanzania kwenye ufuo ulio mpakani kabisa, wakiwa wamezingirwa na milima na kipindupindu kimeanza. Liemba, iliyokuwa manowari karne moja kabla, ilikwenda ikawabeba hadi Kigoma, ikarudi tena kuwachukua wengine.