Kiatamizi cha biashara: chumba na mashine havitoshi

Kuku huatamia mayai mpaka vifaranga vitoke. Biashara changa nazo zina kiatamizi: mahali ambapo mjasiriamali hupata chumba cha kazi kwa bei nafuu, hutumia mashine pamoja na wenzake, hupewa ushauri, kisha baada ya muda huondoka akajitegemee. Hapa Tanzania huduma hiyo hutolewa, miongoni mwa wengine, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973.

Mbona basi wengine wakishatoka hudorora? Jibu moja tunalipata Togo, ingawa waliochunguzwa huko hawakuwa kwenye kiatamizi bali kwenye biashara zao za kila siku. Mwaka 2014, mjini Lomé, watafiti waliwagawa wafanyabiashara wadogo 1,500 katika makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi moja halikufundishwa chochote. La pili lilifundishwa yale tuliyoyazoea: hesabu, masoko, usimamizi wa fedha. La tatu lilifundishwa fikra: kuanza jambo bila kusukumwa, kutafuta bidhaa ambayo jirani hana, kuendelea mambo yanapokwama. Walipofuatiliwa kwa zaidi ya miaka miwili, faida ya kundi la tatu iliwazidi wasiofundishwa kwa asilimia 30. Kundi la hesabu lilizidi kwa asilimia 11 tu, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika.

Hatusemi daftari la mauzo litupwe (wengi wetu hata hilo hatuna). Ila ukiitwa kwenye kiatamizi, usiulizie kodi na mashine pekee. Uliza ni nani atakayekaa nawe kutafuta wateja wapya, kabla muda wako wa kuondoka haujafika.