Watoto wa Malta na kovu la begani

Mtoto akizaliwa kijijini Msanzi au mjini Sumbawanga, Tanzania, huchomwa BCG begani kulia. Baada ya majuma kadhaa hapo hutunga usaha kidogo, pakakauka, likabaki kovu. Chanjo hiyo ina bakteria hai. Albert Calmette na Camille Guérin, Wafaransa, walianza mwaka 1908 kuotesha upya, tena na tena, bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe. Miaka 13 baadaye ukali ulikuwa umewatoka, na mwaka 1921 chanjo ikapewa mtoto wa kwanza.

Kwa watoto karibu wote habari huishia kwenye kovu. Kwa wachache mno bakteria hao dhaifu walisambaa mwili mzima na kuua, na madaktari hawakujua kwa nini.

Mwaka 1995 Michael Levin na wenzake wa London walieleza habari za watoto sita waliougua vibaya kwa jamaa wa bakteria wa BCG, mikobakteria wa kawaida wa majini na udongoni. Wanne walitoka kijiji kimoja cha Malta, wawili kati yao ndugu wa tumbo moja. Ugonjwa unaofuata damu ya ukoo namna hiyo ulidokeza kasoro ya kurithi.

Desemba 1996 jibu lilitoka mara mbili kwa pamoja. Melanie Newport, akiwa na Levin, aliipata kasoro kwa watoto wa Malta. Kule Paris, Emmanuelle Jouanguy na Jean-Laurent Casanova waliipata kwa mtoto mchanga wa Tunisia aliyeuawa na BCG. Jeni ilikuwa ileile, kwenye kromosomu ya 6.

Seli za kinga humeza bakteria, lakini ili ziwaue husubiri amri ya kemikali iitwayo interferoni gama. Watoto hawa hawakuwa na kipokezi chake: amri ilitolewa, seli hazikuisikia. Wazazi, kila mmoja akiwa na nakala moja tu mbovu, walikuwa wazima. Kila mimba yao ilibeba uwezekano wa mtoto 1 kati ya 4 kuugua.

Mwaka 1998 ikagunduliwa kasoro nyingine, ya kipokezi cha intaleukini 12, kemikali inayochochea kutolewa kwa amri hiyo. Wagonjwa wa aina hii husaidiwa na sindano za interferoni gama. Kwa wasio na kipokezi cha interferoni gama kabisa sindano hizo hazifui dafu; hao hutegemea kupandikizwa uboho.

BCG hutolewa mapema mno kwa kasoro kujulikana. Ndiyo maana mama ambaye mtoto wake wa awali aliugua vibaya baada ya chanjo hiyo hana budi kumwambia muuguzi kabla mdogo wake hajachomwa.