Bukavu: fundi wa nyumba inayobana nishati anapatikana namna gani?

Mjini Bukavu, mwenye parsele akitaka kujenga, anaulizia kwanza kwa majirani: fundi wenu ni nani? Ni njia nzuri. Ila kwa nyumba inayobana nishati, wengi wanatafuta fundi mwenye cheti, wakati cheti chenyewe kinapewa nyumba.

Cheti kinapima nini?

Kimoja kinachojulikana katika nchi nyingi za Afrika ni EDGE, cha IFC, shirika la kundi la Benki ya Dunia. Nyumba inakipata ikipunguza angalau 20% kwa mambo matatu: nishati ya matumizi, maji, na nishati au kaboni ya kutengeneza vifaa vya ujenzi. Hesabu inaanzia kwenye plani, kisha mkaguzi anahakikisha kazi ikiisha. Wako wataalamu wanaotambuliwa na EDGE, lakini kazi yao ni kushauri na kukagua, si kupanga matofali. Kwa hiyo fundi akisema ana EDGE, mwombe akuonyeshe nyumba iliyopewa cheti.

Ruhusa ya kujenga inayotolewa na idara ya urbanisme ni kitu kingine. Ni ya lazima, lakini haipimi nishati.

Nishati inapotelea wapi?

Bukavu iko kwenye mita 1.500 hivi juu ya bahari, na nyumba ya familia haina haja ya klimatizeri. Hasara iko kwingine: kuni za kuchomea matofali, makala ya jikoni, na taa inayowashwa mchana kwa sababu chumba ni giza. Umeme wa Ruzizi nao unakatika mara kwa mara, na nyumba yenye mwanga wake haisumbuki sana wakati wa delestaji.

Mradi PROECCO, uliosaidiwa na Uswisi, ulifanya kazi Rwanda, Burundi na mashariki ya Congo juu ya jambo hilo: matanuru yanayokula kuni chache, na ukuta wa matofali yenye matundu yanayosimamishwa kwa ubavu, nafasi ikibaki katikati. Ukuta wa namna hiyo unapunguza matofali na simenti. Unaomba fundi aliyeujifunza, si wa kubahatisha.

Mambo ya kuuliza kabla ya kutoa franka

1. *Amejenga wapi?* Tembelea nyumba mbili zilizokwisha kupita msimu wa mvua. Ongea na wenyeji fundi akiwa hayupo. Wanawasha taa mchana? Ukuta unaloa?

2. *Matofali yanatoka tanuru gani?* Tofali lililoiva vizuri linalia ukiligonga na lingine. Yanayovunjika njiani ni kuni zilizopotea, na wewe ndiye umezilipa.

3. *Madirisha na paa?* Aeleze mwanga utaingilia upande gani, plafon itakaa namna gani chini ya manjanja, maji ya mvua yatakingwa wapi, na moshi wa jikoni utatokea wapi.

4. *Vyuma viko ngapi?* Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliua watu na kubomoa nyumba Bukavu na ngambo, Rusizi. Fundi anayeshusha bei kwa kuondoa shenaji habani nishati, anahatarisha watoto wako. Na kwenye mteremko, kama Kadutu, enjenia aangalie udongo kwanza.

5. *Malipo ni ya namna gani?* Devi iandikwe, isainiwe mbele ya mashahidi, na pesa itoke kwa hatua: msingi, ukuta, paa.

Wapi pa kuanzia?

INPP ya Bukavu inafundisha kazi za ujenzi. Huko mtu anaweza kuulizia waliomaliza mafunzo. Kama uwezo unaruhusu, mlipe enjenia asome plani kabla ya jiwe la kwanza. Dirisha linalohamishwa kwenye karatasi halina gharama. Likihamishwa kwenye ukuta, linakula simenti, matofali na siku za fundi.