Kisu cha kukunja kinachokubalika kisheria

Anayepania kuchonga vijiti na kuwasha moto porini nchini England au Wales hana budi kushika rula kabla ya kuulizia ubora wa chuma. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Haki ya Jinai ya 1988 huruhusu kisu cha kukunja kubebwa hadharani bila sababu maalumu, mradi makali yake yasizidi inchi 3 (sentimita 7.62).

Penye utata ni kufuli. Katika kesi ya Harris, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mahakama iliamua kwamba kisu kinachojifunga kikishakunjuliwa si cha kukunja machoni pa sheria, hata kiwe kifupi namna gani. Opinel Na. 8, kipenzi cha wapiga kambi, hukosa sifa mara mbili: bapa lake ni la sentimita 8.5, tena hukazwa kwa pete. Victorinox ndogo isiyo na kufuli hufaa, ingawa haitakikani kudungia wala kupasulia kuni, maana huweza kujikunja ghafla na kukata vidole.

Mwenye kisu cha kufuli sharti athibitishe sababu ya kuridhisha, mathalani kazi yake. Akishindwa, kifungo huweza kufika miaka 4.