Kutoka TSAR Hadi Mawenzi: Miaka 40 ya Vitabu vya Waasia wa Kwetu

Historia ya pamba ya Usukuma tumezoea kuianzia kwenye ushirika. Wakulima walichoka kupunjwa kwenye mizani, wakaweka wapimaji wao. Paul Bomani na wenzake wakawaunganisha, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa ushirika wa Victoria, ambao baadaye ulirithiwa na ushirika wa Nyanza. Ni hadithi ya kweli, na huku mkoani Simiyu, katika Bariadi, Maswa na Meatu, tunaisimulia kwa fahari. Lakini upande wa pili wa mizani alisimama mtu. Alikuwa mfanyabiashara wa Kiasia mwenye duka, pengine na hisa katika kinu cha kuchambua pamba, na watoto wake walizaliwa hapahapa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa baada ya serikali kutaifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971, wengi wa watu hao waliondoka nchini. Walikwenda na kumbukumbu zao.

Sehemu ya kumbukumbu za Waasia wa Afrika Mashariki imehifadhiwa na kampuni ndogo ya uchapishaji iliyoko Toronto, Kanada. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 40 ya kutoa vitabu, na sisi wa Simiyu tuna haki ya kuisherehekea.

Ilianza kama jarida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, M. G. Vassanji na mkewe, Nurjehan Aziz, walianzisha The Toronto South Asian Review. Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, kisha akasomea fizikia ya nyuklia Marekani hadi shahada ya uzamivu. Alipofika Kanada aliwakuta waandishi wenye asili ya Bara Hindi waliotoka Afrika Mashariki, Karibiani, Sri Lanka na kwingineko, ila wachapishaji wakubwa hawakujua wawaweke rafu gani. Jarida likawapa pa kukutania. Mwaka 1985 vikafuata vitabu, kwa jina la TSAR, herufi za mwanzo za jina la jarida lile. Miongoni mwa vya awali kulikuwa na mkusanyo wa makala aliouhariri Vassanji mwenyewe, A Meeting of Streams, kuhusu fasihi ya Waasia Kusini wa Kanada.

Riwaya za Vassanji mwenyewe zilitolewa na makampuni makubwa. The Gunny Sack ya mwaka 1989, ambayo mhusika wake anarithi gunia lililosheheni kumbukumbu za ukoo, ilitoka Heinemann. Baadaye alishinda tuzo ya Giller mara mbili, mwaka 1994 na 2003. Mtu wa namna hiyo angeweza kabisa kuachana na kazi ya kuhangaikia miswada ya wengine. Hakuachana nayo, na uzito wa uhariri na uendeshaji, miaka nenda rudi, ameubeba Nurjehan Aziz. Uchapishaji wa aina hii hauna utajiri: unategemea ruzuku za mabaraza ya sanaa, mauzo madogo, na subira ya mhariri anayesoma ukurasa mmoja mara kumi.

Kitabu chao ninachokithamini kuliko vyote ni cha Sophia Mustafa. Mwaka 1958 mama huyu wa Arusha aligombea Jimbo la Kaskazini akiungwa mkono na TANU. Uchaguzi ule ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wakoloni waliuweka ili kugawanya madaraka kwa rangi. TANU ikaugeuza, ikawasimamisha au kuwaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu, na mkulima wa kahawa akampigia kura mwanamke wa Kiasia. Mustafa aliyaandika hayo katika The Tanganyika Way, wakati wa Uhuru wenyewe. Kikaadimika. Mwaka 2009, yeye akiwa amekwisha kufariki, TSAR ikakitoa upya. Kabla ya hapo ilikuwa imechapisha riwaya zake, ikiwemo In the Shadow of Kirinyaga ya mwaka 2002, alipokuwa bibi wa karibu miaka 80. Ni wachapishaji wangapi wangempokea mwandishi wa riwaya anayeanza katika umri huo?

Baada ya takriban miaka 30 kampuni ilibadili jina ikawa Mawenzi House. Orodha yake ilikwisha kupanuka ikawa na Waafrika, Wakaribiani na watu wa Mashariki ya Kati, hivyo jina la jarida halikutosha tena. Kati ya majina yote ya dunia, waliamua kubeba la kilele cha pili cha Kilimanjaro.

Vitabu hivi vimeandikwa kwa Kiingereza na kuchapwa mbali, na hilo ndilo pengo linaloniuma. The Tanganyika Way kinastahili tafsiri ya Kiswahili sasa hivi, na vingine vifuate. Wapo bado wazee wa Itilima na Busega waliopeleka pamba dukani kwa Mhindi wakiwa watoto, wakiandamana na baba zao. Wana la kuwajibu waandishi hawa, wana ya kusahihisha na ya kuthibitisha, na umri hauwasubiri.