Namna ya kuweka kamusi ya kusahihisha maandishi ndani ya ordinateri

Barua ya chama, ripoti ya mukutano, orodha ya wanafunzi, ombi kwa mukubwa wa mutaa: katika Kivu, Ituri, Maniema ao Tanganyika, karatasi nyingi za namna hii zinaandikwa leo kwa ordinateri. Mara nyingi Kifaransa na Kiswahili vinakaa ndani ya ukurasa mumoja. Hapo mashini inachora mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili, na watu wengine wanaamua kuizima kabisa. Lakini mashini haikuharibika. Inasoma Kiswahili na kamusi ya Kifaransa, basi.

Katiba ya inchi yetu ya 2006 inaweka Kiswahili kati ya lugha ine za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lakini ordinateri yenye kuwekwa kwa Kifaransa haijui jambo hilo mpaka mutu aiambie. Hapa tunaeleza kazi hiyo kwa LibreOffice, programu ya kuandika isiyolipishwa, inayotumika kwenye Windows na Linux.

Kamusi ya mashini ni nini?

LibreOffice inatumia chombo kinachoitwa Hunspell, ambacho kilitengenezwa kwanza kwa ajili ya lugha ya Hungaria. Kila lugha inahitaji fishie mbili: moja yenye mwisho wa .dic, ambayo ni orodha ya maneno, na ingine yenye mwisho wa .aff, ambayo inaonyesha namna maneno yanavyoongezewa herufi mbele na nyuma. Kiswahili kinapenda sana mambo hayo: kutoka «soma» tunapata anasoma, tulisomeshwa, hawatasomeana. Hakuna kamusi inayomaliza miungano yote. Kwa hiyo neno linaweza kuwa sawa kabisa na bado likachorewa nyekundu.

Kuiweka, hatua kwa hatua

1. Kwenye Windows, wakati wa kuweka LibreOffice, chagua «Personnalisée», kisha angalia ndani ya orodha ya kamusi kama Kifaransa na Kiswahili viko. Kwenye Linux ya aina ya Debian ao Ubuntu, kamusi zinaitwa hunspell-fr na hunspell-sw.

2. Kama intaneti ni ya shida, mutu mwingine anaweza kukupakulia kamusi kama fishie ya .oxt na kukuletea kwa kle ya USB. Inafunguliwa kupitia «Outils», kisha gestionneri ya ekstansioni. Funga LibreOffice, uifungue tena.

3. Andika, kisha chagua sehemu ya Kiswahili. Ingia «Outils», halafu «Langue», chagua «Pour la sélection» na uweke Kiswahili. Kiswahili cha Tanzania ndicho chenye kamusi. Sehemu ya Kifaransa iachie Kifaransa.

4. Finya F7 ili kukagua maandishi yote.

Angalia vizuri hatua ya tatu. Kama umechagua lugha ambayo kamusi yake haiko ndani ya mashini, hakuna neno litakalochorewa mustari. Ukurasa utaonekana safi, lakini usafi huo ni wa bure, juu hakuna aliyeukagua.

Mashini inayobadilisha maneno yenyewe

Kuchora mustari ni jambo moja, kubadilisha neno ni jambo lingine. Kama unaona maneno yanageuka wakati unaandika, ingia «Outils», kisha «Options d'AutoCorrection», na uondoe alama kwenye «Utiliser la table de remplacement». Kwa mutu anayeandika majina ya watu siku nzima, ni vizuri kufanya hivyo mbele ya kuanza kazi.

Majina na maneno ya kwetu

Kamusi ilitengenezwa kwa Kiswahili sanifu. Ukiandika «batu», «mayi» ao «banasema», usishangae. Mustari hausemi kwamba umekosa, unasema tu kwamba neno haliko kwenye orodha. Ni wewe unayejua kama karatasi inataka Kiswahili sanifu ao Kiswahili tunachosema nyumbani.

Majina ya watu na ya vijiji nayo yatachorewa. Finya neno na upande wa kuume wa suri, uchague «Ajouter au dictionnaire». Lakini soma kwanza jina kwenye karte ya mwenyewe. Ukiongeza «Kahinda» mahali pa «Kahindo», kuanzia siku hiyo mashini italiona kosa lile kuwa sawa, na halitachorewa tena. Likiingia vibaya, liondoe kupitia «Outils», «Options», mahali pa «Linguistique», ndani ya orodha ya kamusi zako.

Maneno uliyoongeza yanawekwa ndani ya fishie inayoitwa standard.dic, katika dosie ya wordbook. Ikopi kwenye kle ya USB. Ordinateri ikiibiwa ao ikiungua, kazi ya miezi haitapotea.

Kile ambacho kamusi haiwezi kuona

«Wafanyakazi wamelipa» na «wafanyakazi wamelipwa» yote ni maneno mazuri. Mashini itayaacha yapite, lakini herufi moja tu inageuza nani alitoa feza na nani aliipokea. Vilevile «atalipa» na «hatalipa». Haitaona pia kwamba 50 000 imekuwa 500 000, wala kwamba tarehe 12 imekuwa 21.

Kwa hiyo, kisha F7, chapa ukurasa ao uusome kwa sauti mbele ya mwenye barua, hata kama yeye hajui kusoma. Muangalie pamoja majina, tarehe, hesabu ya feza, na kila «si» ao «ha» inayokana jambo. Asahihi iwekwe kisha hapo.