Ahadi ya Saa Milioni Moja

Chombo kinachotunza habari huaminiwa upesi kuliko mtu anayeitunza. Mzee akisimulia, tunamwuliza ni nani mwingine aliyekuwapo. Mashine ikituonyesha maandishi, tunanyamaza. Jambo hili limenishughulisha sana tangu kompyuta zilipoingia katika vyuo vyetu vya ualimu, kwa sababu siku hizi alama za mwanafunzi, jalada la mtumishi na hesabu ya kiinua mgongo chake hulala ndani ya kisanduku kidogo kiitwacho diski ngumu. Yafaa tuijue historia yake, na hasa historia ya makosa yake.

Diski ya kwanza ya aina hii ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Hapa Tanzania kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda vizuri. Hesabu zilivurugika, watu waliofunzwa kazi hiyo walikuwa wachache, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Rika langu lilijifunza kuiogopa kompyuta, na watoto wetu wamejifunza kuiamini. Wote tumekwepa kazi ya kuipima.

Tuipime basi. Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa cha kusomea, na nafasi kati yake na sahani ni ndogo maelfu ya mara kuliko unene wa unywele. Kichwa kikigusa sahani, maandishi huchunika. Hata hivyo watengenezaji wengi wameandika kwamba diski yao hudumu kwa wastani wa saa milioni moja kabla ya kuharibika. Gawanya kwa saa 8,760 za mwaka mmoja, utapata miaka 114. Hakuna diski iliyowahi kuishi hivyo.

Je, ni uongo? Si uongo, ila ni hesabu ya kundi inayosomwa kama ahadi kwa mtu mmoja. Maana yake ni kwamba ukiwa na diski 1,000 zinazofanya kazi mwaka mzima, utarajie 9 hivi kufa. Haisemi kama yako ni mojawapo. Tena mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, walichunguza kumbukumbu za diski zipatazo 100,000 wakakuta kwamba kwa kawaida zinazobadilishwa kwa mwaka ni 2 hadi 4 katika kila 100, na mahali pengine hufika 13. Mwaka huohuo watafiti wa Google walitoa hesabu ya diski zao wenyewe. Waliona kwamba joto halikuwa adui mkubwa kama watu walivyodhani, na kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza la usomaji, hatari ya kufa katika siku 60 zinazofuata huongezeka mara 39. Mgonjwa alikwisha kukohoa.

Liko pia kosa dogo, lisiloua diski bali hula herufi moja hapa na pale. Kwa diski nyingi za kawaida watengenezaji huandika kwamba kosa moja lisilorekebishika laweza kutokea katika kusoma biti trilioni 100. Yaonekana mbali, lakini ukiisoma diski ya terabaiti 4 mwanzo hadi mwisho mara tatu, umekaribia kufika. Makosa mengine hurekebishwa na diski yenyewe, kwa hekima iliyoanzia kwa Richard Hamming mwaka 1950. Kila mwalimu aliyewahi kujaza daftari la mahudhurio anaijua hekima hiyo. Tunajumlisha kwa mlalo na kwa wima. Tone la chai likifuta kisanduku kimoja, jumla mbili zitakuambia kilikuwa na nini. Likimwagika kikombe kizima, jumla nazo zimekwenda.

Namkumbuka mwalimu mmoja aliyestaafu akaambiwa kwamba jalada lake halionekani. Diski ya ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa imekufa na nakala haikuwapo. Miaka zaidi ya thelathini ya chaki ikawa kama haikuwa. Kilichomwokoa ni barua yake ya ajira na barua za vyeo, alizozihifadhi katika sanduku la bati chini ya kitanda. Bila sanduku lile angezeeka akiomba.

Sisi wa Mohoro tuna sababu ya kuielewa habari hii. Kinjikitile Ngwale alinyongwa hapa tarehe 4 Agosti 1905, mwanzoni mwa Vita vya Maji Maji. Mengi ya habari zake tunayajua kwa njia mbili: maandishi ya Wajerumani, na vinywa vya wazee waliohojiwa na wanafunzi na walimu wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kila njia ina makosa yake. Lakini makosa ya karani wa Kijerumani si makosa ya mzee wa Kimatumbi, na kwa sababu hiyo moja humsahihisha mwenzake.

Nakala mbili zina faida zikiwa haziwezi kufa kifo kimoja. Aprili 2024, mafuriko ya Mto Rufiji yalipofika Mohoro, diski mbili katika kabati moja zingezama pamoja, na karatasi pia. Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu: weka nakala moja shuleni, nyingine wilayani au kwa mtoto wako mjini, na ya karatasi palipoinuka. Kisha kila muhula zifungue, uzisome, uzilinganishe. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijathibitika kuwa nakala.